Farasi wa Nyika: Ushahidi wa Vinasaba na Ushahidi wa Mifupa

Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini kwamba wafugaji wa Yamnaya, waliotoka nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi na kuenea Ulaya mnamo mwaka 3000 KK, walifika huko na makundi makubwa ya farasi. Mwaka 2024 watafiti wakiongozwa na Pablo Librado na Ludovic Orlando, baada ya kuchambua vinasaba vya mamia ya farasi wa kale, walilikataa dai hilo. Walionyesha kwamba ukoo wa farasi wanaofugwa leo ulianza kuzalishwa chini ya usimamizi wa binadamu mnamo mwaka 2200 KK, kwa kupandisha wanyama wa damu moja na kwa kufupisha muda kati ya kizazi na kizazi, kisha ukaenea ghafla na kuchukua nafasi ya karibu koo zote za Ulaya na Asia.

Hoja hiyo ni nzito, ila vinasaba hutuambia nani alizaliana na nani. Havituambii ni farasi gani aliyebeba mtu mgongoni. Mwaka 2023 wachunguzi wa mifupa walieleza mabaki ya watu wa Yamnaya yaliyofukuliwa Romania, Bulgaria na Hungaria, ambayo tundu lake la nyonga limevutika na mfupa wa paja una alama za misuli iliyobana kwa nguvu, wakasema hao walikuwa wapanda farasi. Wakosoaji wamejibu kwamba hata kuketi sana kwenye mkokoteni huweza kuacha alama za namna hiyo. Pingamizi hilo ni la haki, lakini halitoshi kufuta uwezekano kwamba wachache walipanda farasi waliowakamata porini.

Kwangu mimi, ushahidi wa Botai, kaskazini mwa Kazakhstan, ndio wenye uzito zaidi. Huko, mnamo mwaka 3500 KK, watu walikuwa na mazizi ya farasi na walishafupisha muda wa vizazi vyao, lakini wanyama hao walibaki eneo lao, na uzao wao ni farasi wa Przewalski, yaani farasi wa mwituni wa nyika za Asia ya Kati, wala si farasi wetu wa kufugwa. Ufugaji ulikuwapo, safari ndefu hazikufuata. Ndiyo maana naafiki tarehe ya 2200 KK kuwa mwanzo wa usafiri mpana wa farasi: muda mfupi baadaye, kusini mwa milima ya Ural, watu wa Sintashta walikuwa wakizika wafu wao pamoja na farasi na magari mepesi ya magurudumu yenye spoki.