Mtaalamu wa Zabibu kutoka Hombolo

Ningenyamaza tu, yasingenikuta. Lakini mtu umekulia Hombolo, ada yako ya shule imelipwa kwa zabibu, halafu mnyapara wa Kifaransa anakuuliza mbele ya watu kumi na wawili kama umewahi kushika mkasi wa kuvunia. Unanyamazaje? Nikasema ndiyo. Nikaongeza kwamba kwetu Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Nilipoona wamenyamaza kwa heshima (hivyo ndivyo nilivyoielewa kimya yao), nikaongeza kwamba mjomba wangu ana ekari tatu. Mnyapara akainua nyusi, akawapanga wenzangu wawili wawili, mimi akanipa mstari mzima peke yangu.

Nilikuwa nasoma Bordeaux, na hela ilikuwa imeniishia. Rafiki yangu Mkongomani, kijana wa Bukavu, ndiye aliyeniambia kuna vibarua vya kuvuna huko Sauternes, eneo la mashamba ya mvinyo, kama kilomita 40 kusini-mashariki mwa mji. Jina la shamba nalihifadhi, maana nasikia bado wananikumbuka. Malipo yalikuwa kwa saa, siyo kwa kikapu. Hapo ningeshtuka. Mwenye shamba akikulipa kwa saa wakati wa mavuno, ujue hataki uharakishe, na kama hataki uharakishe kuna jambo anataka uliangalie vizuri.

Tulifika saa mbili asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ukinyoosha mkono, vidole vinakuaga. Tukakaa kwenye banda tukinywa kahawa kwa malipo kamili, tukisubiri jua. Nikamuuliza rafiki yangu kwa nini mtu alime zabibu mahali penye unyevu namna hii, akanijibu, "Huu ukungu njo kazi yao." Nikadhani anatania. Kumbe kuna kijito kinaitwa Ciron, kinapita chini ya miti mchana kutwa hakioni jua, maji yake baridi. Kinakwenda kumwagikia mto Garonne ambao maji yake yana joto kidogo. Vuli ikifika, baridi na joto vinapokutana usiku ndipo ukungu unapanda mashambani, na mchana jua linaufukuza. Sisi Waswahili tuna bahati ya neno moja kwa mambo mawili: ukungu wa hewani na ukungu wa kwenye mkate uliolala. Huko Sauternes wa kwanza ndio mama mzazi wa wa pili. Ningelifikiria hilo neno dakika mbili tu pale bandani, ningeokoka.

Jua likatoka. Mnyapara akatugawia mikasi na vikapu, akatoa maagizo. Nitayanukuu yote kwa sababu hayakuwa marefu: "Zilizooza, ndani ya kikapu. Nzuri, ziacheni."

Watu wakija kusikia kisa hiki husema, pole, lugha ilikupiga chenga. Hapana. Niliyasikia vizuri kabisa. Kosa langu ni kwamba nilimsahihisha mzee wa watu kimoyomoyo. Nikasema, maskini, ameamka mapema, amechapia. Anataka kusema nzuri kikapuni, mbovu tuache. Mtu mzima hasahihishwi hadharani, basi nikaamua kumsitiri kwa kutenda alichokusudia.

Nielewe nilikotoka. Nyumbani, kishada kimoja chenye ukungu kikionekana juu ya kreti, mnunuzi anakunja uso na bei inashuka hapo hapo. Mama alikuwa anatukagua vidole. Nimechapwa kwa ajili ya punje moja, tena punje yenyewe haikuwa imeoza, ilikuwa na vumbi tu.

Sasa fikiria nilichokikuta kwenye ule mstari. Vishada vimekuwa vya kahawia, punje zimesinyaa kama vidole vya mtu aliyefua siku nzima, nyingine zimevikwa majivu ya kijivu, ukizigusa zinakutoka mkononi na utomvu unaonata. Katikati ya msiba huo, hapa na pale, punje chache nono, za dhahabu, zinang'aa. Nikawaonea huruma wenye shamba. Nikajisemea ndiyo maana wanatafuta wageni, vibarua wao wamekimbia aibu.

Nikafanya kazi siku ile kama sijawahi kufanya. Nakata kishada, nakikung'uta, nachokonoa mbovu kwa ncha ya mkasi. Nono zinaingia kikapuni. Mbovu chini. Halafu, kwa kuwa mimi ni mtaalamu na najua magonjwa ya mimea yanavyosambaa, nazikanyaga. Nazisagasaga kwa kisigino hadi zinazama udongoni. Nilimaliza mizabibu thelathini hivi kabla wenzangu hawajafika hata nusu ya mistari yao, na moyoni nikawahurumia nao. Walikuwa wanazigeuza punje, wanazinusa, wanazionja kama watu wanaochagua dawa.

Mnyapara alipofika alitazama kikapu. Akatazama chini. Akatazama viatu vyangu. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alipiga magoti kwenye udongo, akaokota punje moja iliyosalimika, akaipuliza mchanga, akaitia mdomoni, akafumba macho. Kisha akaita wenzangu wote waje. Wakaja, wakasimama kunizunguka kama watu kwenye ajali ya bodaboda. Rafiki yangu alishika kichwa. "Ndugu, njo nini hii umefanya?"

Basi nikafundishwa pale pale, nimesimama juu ya ushahidi. Ule ukungu una jina la kitaalamu, Botrytis cinerea, na Wafaransa wanauita uozo wa kiungwana. Unatoboa ganda la zabibu, na la Sémillon, aina inayolimwa zaidi huko, ni jembamba. Mchana maji yanatoroka kupitia vile vitundu, sukari inabaki. Punje inasinyaa inakuwa kama tone la asali lililovaa koti bovu. Punje haziozi zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo wavunaji wanapita shamba lile lile mara tatu, nne, hata zaidi, wakichukua zilizooza tu na kuziacha nyingine zisubiri zamu yake ya kuoza. Maana yake nilikuwa nimefanya uharibifu wa mikono miwili. Zilizokuwa tayari nimezikanyaga, na zilizokuwa bado nimezikata. Zile nono zangu, fahari ya Hombolo, zingehitaji kubaki mtini wiki kadhaa zaidi.

Rafiki yangu, kwa wema wake, akanisaidia na hesabu. Château d'Yquem, shamba ambalo kwenye madaraja ya mvinyo ya mwaka 1855 liliwekwa peke yake juu ya yote ya Sauternes, hujisifu kwamba mzabibu mmoja unatoa glasi moja ya mvinyo. Mizabibu thelathini, glasi thelathini. Chupa tano. Nilikuwa nimekunywa chupa tano kwa miguu.

Nilishavua glavu, najua nafukuzwa. Akatokea bibi mwenye shamba, umri wa bibi yangu kabisa, sweta limetoboka viwiko. Mnyapara akamsimulia. Bibi akacheka mpaka akaegemea nguzo. Akaniambia jioni nisipande basi, nije kwanza nionje nilichokikanyaga.

Jioni tukaingia kwenye chumba cha mapipa, baridi, kinanuka mbao na mkate. Mezani glasi ndogo tatu kila mtu. Ya kwanza rangi ya majani makavu, ya pili dhahabu, ya tatu imezeeka imekuwa kama chai ya rangi. Na kila baada ya watu watatu, ndoo.

Ndoo ile ni ya kutemea. Utaratibu wa waonjaji ni kwamba unanusa, unavuta funda dogo, unalisukutua kama mtu aliyemaliza kupiga mswaki, huku unavuta hewa kwa sauti ambayo nyumbani ingekutoa mezani, halafu unatema. Wenzangu walitema kwa ustadi, mnyapara alikuwa analenga ndoo toka mbali bila kudondosha. Mimi nimelelewa na Wagogo. Mbele ya bibi wa watu, nyumbani kwake, niteme alichonikaribisha? Hata kupenga kamasi kwetu unatoka nje. Nikameza. Bibi akaona glasi yangu imekauka na ndoo yangu imekauka, akadhani funda halikunitosha, akaniongeza. Nikaona kuacha pia ni utovu wa adabu, nikameza tena. Mvinyo ule utamu wake unakudanganya unakunywa soda, kumbe una kilevi cha asilimia 13 au 14.

Lakini acha niseme kweli kuhusu ladha, kwa sababu mpaka leo ndiyo inayoniuma kuliko aibu. Nilitegemea sukari. Nilitegemea kitu cha kunata kama sharubati ya harusini. Ulimi ukakutana na utamu kweli, mzito, halafu nyuma yake ukaja ukali kama wa ndimu ukausafisha mdomo, nikataka tena. Mnyapara alitaja aprikoti, maganda ya machungwa, zafarani. Bibi akanigeukia: wewe unaonja nini? Nikafikiri sana. Nikasema, asali ya nyuki wadogo. Anayeijua atanielewa: ile nyepesi, yenye uchachu kwa mbali, inayotoka kwenye vigogo, siyo ya nyuki wakubwa ambayo ni utamu mtupu. Kwa Kifaransa changu ikatoka kama asali ya nyuki watoto. Chumba kikanyamaza. Mama mmoja akauliza kwa upole kama kwetu nyuki huanza kazi wakiwa na umri gani.

Nikaanza kueleza. Kwa glasi ya sita au ya saba nilikuwa nimesimama. Nilieleza nyuki wadogo, nikaeleza ubuyu, nikamfundisha bibi kuitikia "marahaba" na wavunaji wote wakapanga foleni kumpa shikamoo, Waromania, Wahispania, na mnyapara mwenyewe, ambaye nilikuwa nimeshamkumbatia mara mbili nikimwita mjomba. Ikaletwa jibini ya Roquefort, ina michirizi ya kibuluu ya ukungu. Nikaishika, nikaitazama, nikauliza kwa sauti ya mtu aliyejifunza: "Na hii, tukanyage au tule?" Rafiki yangu anasema ndicho kitu pekee nilichokisema kwa Kifaransa sanifu usiku ule.

Ilibidi mambo yaishe hapo. Ila asubuhi yake, kichwa kinagonga, niliingia shambani na toba ya kweli. Leo nisiache hata punje mbovu moja! Nikachuma kila kilichooza, kilichokufa, kilichotobolewa na nyigu, vyeusi vinavyovuja, nikajaza kikapu kabla ya saa tano nikampelekea mnyapara mwenyewe. Akainama kunusa. Akarudi nyuma kama aliyechomwa sindano. Kikapu kilikuwa kinanuka siki tupu.

Kwani uungwana nao una madaraja. Kuna uozo unaotengeneza asali na kuna uozo unaotengeneza siki, na vinaweza kukaa kwenye kishada kimoja vikipeana mgongo. Ndiyo maana wenzangu walikuwa wananusa na kuonja. Ukungu ukikataa kuja, au mvua ikiharibu, hata wakubwa wanakosa: mwaka 2012 Yquem hawakutoa mvinyo wao mtamu kabisa. Mnyapara hakunieleza hayo yote siku ile. Alisema tu, "Jana dhahabu umeitupa, leo umeniletea saladi," akanionyesha bomba la maji. Siku nne zilizobaki niliosha kreti. Kwa saa, malipo yale yale. Sijawahi kuona kreti safi kama zile.

Kabla sijaondoka bibi alinipa chupa ndogo, nusu ya kawaida. Akaniamkia kwa kuchanganya: "Marahaba!" Nikamjibu shikamoo.

Jumapili nikampigia mjomba Hombolo, nikamsimulia mwanzo hadi mwisho ili acheke. Hakucheka. Alikuwa amekwama kwenye sehemu moja.

"Wewe. Wanaziozesha kwa makusudi?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na wanauza?"

Hapa ndipo domo langu lilipofanya kosa la pili la msimu. Nikamwambia kwamba mwaka 2011 chupa moja ya Yquem, ya mavuno ya mwaka 1811, iliuzwa London kwa pauni 75,000. Upande wa pili nikasikia kimya, halafu sauti ya kikokotoo cha simu. Nikaharakisha kumweleza kuhusu Ciron, kuhusu Garonne, kwamba Dodoma ni kukavu, kwamba siyo kila uozo, kwamba mimi mwenyewe nimeshindwa. Akaniambia nisimalize vocha, tutaongea.

Alipiga mwezi wa tatu, saa kumi na moja alfajiri ya huku, kwa sauti ya chini kama mtu anayejificha. Nyuma yake nilimsikia shangazi akifoka kuhusu nzi.

"Mjomba, nina kreti kumi na nane," akasema. "Zimeoza vizuri, hazina hata punje moja nzima. Yule bibi wa Kifaransa, anakuja lini?"