Nyoka wa Jikoni Hakutumwa na Mtu

Jumatatu iliyopita, saa tatu asubuhi, ndoo ya vitumbua ya bibi mmoja wa mtaani kwetu ilikuwa bado imejaa. Wakazi wa upande huu wa Pongwe, hapa Tanga, wanaijua ndoo hiyo. Kwa kawaida, ifikapo saa moja na nusu imekwisha kuwa tupu, na mtoto aliyechelewa kuamka huambulia vile vilivyoungua pembeni. Siku hiyo watu walimpita bibi kama wanaopita penye msiba usiowahusu. Jumamosi jioni swila alikuwa amekutwa katika banda la jiko, nyumba ya tatu kutoka kwake, na ilipofika Jumapili adhuhuri mtaa ulikuwa umekwisha kutoa hukumu: nyoka yule ametumwa, na aliyemtuma ni bibi, kwa kuwa wiki mbili kabla alikorofishana na mama mwenye jiko kuhusu deni la shilingi elfu nne.

Elfu nne! Mtu ajaliwe uwezo wa kumwamuru swila atoke shimoni, apite nyumba mbili bila kukosea mlango na kuingia katika jiko alilopangiwa, kisha uwezo wote huo autumie kudai bei ya vitumbua vya wiki moja. Ningekuwa na nyoka mtiifu kiasi hicho, ningemtuma kwa watu wanaonidai kiinua mgongo changu, si kwa jirani yangu.

Nilikuwapo Jumamosi hiyo, kwa hiyo nisimulie nilichokiona. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Mama alikwenda kuchomoa vifuu vya kuwashia moto kutoka katika lundo lililoegemea ukuta wa banda, lundo ambalo nalifahamu tangu mwaka juzi na ambalo limekuwa likiongezeka juu bila kupunguzwa chini. Alisikia pumzi nzito, akaona kichwa kimeinuka na shingo imetanuka, akarudi kinyumenyume akipiga yowe. Kijana wake alitoka mbio na mchi, akaingia bandani kwa ushujaa ambao ungefaa kutumika kwa jambo lenye manufaa, na kabla hajauinua alitemewa sumu machoni. Swila hahitaji kukusogelea. Anaweza kukutemea ukiwa umbali wa mita mbili na zaidi, na hulenga uso.

Katika dakika iliyofuata nilisikia dawa za kila aina. Mmoja alitaka kitunguu maji kikamuliwe machoni. Mwingine alitaka atafutwe mama anyonyeshaye. Wa tatu alikwenda kuchukua mafuta ya taa, na mpaka leo sijui yalikuwa ya nyoka au ya kijana. Nilimshika kijana shingoni, nikamwinamisha penye pipa la maji ya mvua na kumwagia machoni kata baada ya kata, huku nikimlazimisha afumbue kope kwa vidole, naye akinitukana matusi ambayo sitayaandika hapa na ambayo nimekwisha kumsamehe. Maji safi, mengi, kwa muda mrefu, kisha hospitali: hiyo ndiyo huduma ya kwanza ya macho yaliyotemewa, kwa sababu sumu ikiachwa humomonyoa mboni na inaweza kupofusha. Bodaboda ilimpeleka. Kufikia Jumatano alikuwa akiona vizuri, ingawa mwanga ulikuwa bado ukimchoma.

Nyoka aliuawa, akamwagiwa yale mafuta ya taa na kuchomwa moto, ili mwenzake asije kulipiza kisasi. Kisha, kazi ya kumuua nyoka ilipokwisha, ikaanza kazi ya kumtafuta mwenye nyoka.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na naomba nivumiliwe. Miaka michache iliyopita nilikwenda Saadani na wenzangu watano, tukapiga mahema katika eneo la kambi, katika hifadhi ile ambayo imekuwa ya taifa tangu mwaka 2005 na ambayo tembo wake hufika hadi pwani. Asubuhi ya pili tulikunja hema letu. Nilipoinua sakafu ya turubai upande niliokuwa nimelala, bafe alikuwa amejikunja pale chini, mnene kama mkono wangu juu ya kiwiko, alama zake za rangi ya majani makavu zikiwa zimepangika mgongoni kama ukili uliosukwa. Hakukimbia. Bafe hakimbii ovyo. Hutegemea kutoonekana, na ndiyo maana watu wengi humkanyaga. Kati ya mbavu zangu na yeye, usiku kucha, palikuwa na turubai na mkeka mwembamba. Askari wa hifadhi alikuja na fito ndefu, akamsogeza taratibu mpaka kichakani, kisha akatugeukia na kusema, «Mmemfunika blanketi usiku mzima, naye angeondoka aende wapi?» Tulicheka kicheko cha watu waliokwisha kulowa jasho. Ni kweli wasemavyo wazee kwamba aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sikuumwa, lakini kwa miezi mitatu nilikuwa nikiurukia hata mpira wa kumwagilia maua.

Sasa nauliza. Tulikuwa wanaume sita, na mmoja wetu, ambaye sitamtaja, ana maadui wa kutosha kujaza daladala. Mbona hakuna hata mmoja aliyesema kuwa bafe yule ametumwa? Mbona hatukukaa kikao cha kukumbuka nani tumekorofishana naye? Kwa sababu tulikuwa porini, na porini nyoka ana ruhusa ya kuwa nyoka. Anatafuta joto, anatafuta panya, anatafuta mahali pakavu. Nyoka yuleyule akivuka kizingiti cha nyumba ya Mswahili, anaacha ghafla kuwa mnyama mwenye njaa na kuwa barua iliyoandikwa na mtu. Na ajabu ni kwamba mwandishi wa barua hiyo kila mara ni yuleyule: mwanamke, mzee, mjane, anayeishi peke yake. Sijapata kusikia, katika umri wangu wote hapa Tanga, kwamba nyoka ametumwa na diwani, wala na mwenye duka la jumla, wala na kijana yeyote mwenye ngumi.

Tunajua sifa ya uchawi tuliyopewa na watu wa mikoa mingine. Mgeni akishuka stendi ya Kange tayari ana mzaha wa majini mdomoni, nasi tunanuna na kusema tunaonewa. Kisha nyoka akionekana jikoni, sisi wenyewe ndio wa kwanza kuuthibitisha mzaha huo, tena kwa gharama ya bibi wa watu.

Ukweli kuhusu swila yule hauna siri yoyote. Nyumba zetu za upande huu zimeota juu ya ardhi iliyokuwa mashamba ya mkonge, zao lililoletwa na Wajerumani mwaka 1893. Mashamba yalipoachwa, yalijaa nyasi, panya na kila alaye panya. Tulipokata viwanja hatukuwapa notisi wapangaji hao. Masika yanapojaza maji mashimo, panya huhamia palipo pakavu, yaani kwenye lundo la vifuu, kwenye kuni, kwenye pagala ambalo mwenyewe yuko Dar es Salaam akingoja fedha za bati. Chura naye hukaa chini ya pipa la maji. Kuku tunawafuga, na vifaranga wanalala chini sakafuni. Swila hula panya, hula vyura, hula vifaranga na mayai. Tumemwandalia chakula, tumempa paa, kisha tunauliza nani kamtuma! Tanga husemwa «waja leo, waondoka leo», lakini nyoka aliyekuta karamu ya namna hii hana haja ya kuondoka.

Imani hii ya kutumwa haimwumizi bibi peke yake. Inamwumiza vilevile anayeng'atwa, kwa kuwa nyoka akiisha kuwa wa kutumwa, matibabu nayo yanakuwa ya kutegua, na mgonjwa anapelekwa kwanza kwa mganga kuchanjwa chale na kubandikwa jiwe la nyoka, huku mguu ukivimba. Jiwe lile ni kipande cha mfupa uliochomwa. Halina uwezo wa kunyonya sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Watu huniapia kwamba wameliona likiponya. Nawaamini kwamba wameona mtu akipona. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, linakadiria kuwa watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na kwamba wanaoingiwa na sumu ni kati ya milioni 1.8 na milioni 2.7. Maana yake, karibu nusu au zaidi ya wanaoumwa hawana sumu mwilini, ama kwa kuwa nyoka mwenyewe hana sumu, ama kwa kuwa aliuma bila kuitoa. Mganga yeyote anayewabandika hao mchanga wa baharini atapata sifa. Tatizo ni wale wengine, ambao kati yao hufa watu 81,000 hadi 138,000 kila mwaka, na ambao kwao kila saa iliyopotea katika kutegua ni saa iliyoibwa.

Kamba nayo tuiache. Aliyeumwa na bafe akifungwa mguu kwa nguvu, sumu inayooza nyama inakusanywa mahali pamoja na mguu unakosa damu. Atafika hospitali akiwa hai na kuondoka bila mguu. Mvue pete na viatu, mtulize, kiungo kisitikisike, muondoke. Kukata na kufyonza ni kwa ajili ya sinema.

Nakubali, shingo upande, kwamba si kila zahanati ina dawa ya kuzuia sumu ya nyoka. Dawa hiyo ni ghali, huhitaji mtu anayejua kuitumia, na moja ya zile zilizotegemewa barani Afrika iliachwa kutengenezwa mwaka 2014. Mtu aliyefika zahanati usiku na kuambiwa aendelee mbele hadi hospitali kubwa, sina ubavu wa kumlaumu akipitia kwa mganga aliye karibu na asiyefunga mlango. Nakubali pia kwamba sitarajii mama yeyote amwache swila akae jikoni kwa sababu anakula panya. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalomhusu bibi wa vitumbua.

Kuhusu yale mengine nitapita haraka. Nyoka hawana ndoa, kwa hiyo hakuna mjane wa kulipiza kisasi. Dume likionekana baada ya jike kuuawa, limefuata harufu ya jike katika msimu wa kujamiiana. Nyoka mwenye upanga kichwani awikaye kama jogoo nimemsikia tangu utotoni, na kila aliyemwona ana binamu ambaye ndiye aliyemwona. Huenda alikuwa nyoka aliyebakiwa na kipande cha gamba kuukuu utosini. Kipande cha tairi kinachochomwa uani hufukuza majirani kuliko kinavyofukuza nyoka. Ukukwi wa kijani, ambaye hana madhara kwa mtu, hupigwa mawe kila siku kwa kosa la kufanana rangi na koboko wa kijani wa kwenye miembe, ingawa hapa siwezi kumlaumu mpiga mawe sana, maana mimi mwenyewe nikiwa chini ya mwembe sisubiri kuangalia umbo la kichwa. Na ndumilakuwili, ambaye jina lake tunawapachika wanafiki, ni kinyoka kipofu kilacho mchwa. Kama kuna aliyesingiziwa zaidi ya bibi, ni yeye.

Narudi kwenye ndoo. Jumatatu ile nilisimama, nikamwamkia bibi, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nilinunua vitumbua viwili. Lazima niungame kwamba kwa kawaida hununua sita, na kwamba kile cha kwanza nilikishika mkononi mpaka nilipokata kona, mimi mwandishi wa haya yote, mwenye takwimu za Shirika la Afya Duniani kichwani, nikijiuliza kama kweli nina njaa. Nilikila. Kilikuwa kitamu kama siku zote, iliki haikuzidi wala kupungua. Sijawahi kuionea haya akili yangu kama nilivyoionea pale konani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa mama mwenye jiko na vijana wawili, reki na viatu vya mpira, nikamwomba ruhusa ya kuhamisha lile lundo. Tulivuta vifuu kwa reki, kimoja kimoja, bila mtu kutia mkono. Katikati tulikuta gamba la nyoka, kavu, jepesi kama karatasi ya sigara, hata vijisahani vya macho vikiwa vimebaki. Chini kabisa, penye udongo wenye joto, palikuwa na tundu la panya lililotandikwa vipande vya kanga, na ndani yake watoto saba wekundu wasio na manyoya. Kile kitambaa mama alikitambua: ilikuwa pindo la kanga yake iliyopotea kambani.

Nilidhani kazi imekwisha. Nilimwonyesha gamba, nikamwonyesha panya, nikamweleza kwa upole kwamba swila alifuata chakula chake hapa na kwamba inaonekana alikuwa ameishi humu muda mrefu kabla ya ugomvi wa elfu nne. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, mikono ikiwa kiunoni, akiwatazama wale watoto saba.

«Sawa, mwalimu,» akasema. «Na panya nao, kawatuma nani?»

Nilimwangalia usoni nikitafuta tabasamu. Sikuliona.