AT&C0 si dawa, jamani

Mtu akilalamika kwamba seva yake ya zamani ya SCO Unix (mfumo endeshi wa kompyuta) haipokei watu kwa modemu, kile kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu, hakosi mjuaji wa kumwambia: "Iandikie modemu amri ya AT&C0, hifadhi, maisha yaendelee." Ushauri huu una umri wa kuoa sasa na bado unatembea mjini bila aibu. Na kibaya zaidi, mara nyingi unaonekana umefanya kazi.

Tuanze na kile &C0 inachofanya. Inaiambia modemu iwashe muda wote ishara ya CD (ile inayosema kuna modemu nyingine upande wa pili wa simu), kuwe na mpigaji au kusiwe naye. Getty, programu inayowapokea wanaoingia, ikiwekwa kwenye poti ya tty1A (ile yenye A kubwa, ya modemu) kazi yake ni kukaa kimya ikingoja CD. Ukiiwasha CD daima, getty inafungua poti papo hapo, inaandika "login:" kwa modemu ambayo haina mtu upande wa pili, na hapo vituko vinaanza. Modemu bado iko kwenye hali ya amri. Kama E1 (mwangwi) na Q0 (majibu ya modemu) hazijaguswa, inarudisha kila herufi inayoletewa, getty inaidhani ni jina la mtumiaji, inaiita programu ya login, login inauliza nywila, modemu inarudisha na hiyo, jibu linakuwa "Login incorrect", kisha duru nyingine. Mazungumzo ya viziwi wawili, usiku kucha. Konsoli (skrini ya seva yenyewe) itaanza kulalamika kwamba amri inazaliwa upya haraka mno, na SCO yenye ulinzi wake wa kiwango cha C2 itahesabu makosa hayo hadi ikafunga poti yenyewe. Kisha fundi anakwenda kununua modemu mpya.

Hata ukizima mwangwi, simu ikiingia modemu inatema RING na CONNECT moja kwa moja kwenye mdomo wa getty. Ndiyo maana mpigaji wa kwanza anakutana na "Password:" kabla hajaulizwa jina. Ukiona hivyo, usiguse faili la nywila. Tatizo ni Q0 na CD ya uongo.

Lakini hayo ni kero tu. Dhambi yenyewe iko mwisho wa simu. Laini ikikatika CD ikashuka, kerneli (kiini cha mfumo) inatuma ishara ya SIGHUP kwamba laini imekatika, sheli inakufa (programu inayopokea amri zako, si ile ya mafuta), getty inarudi kungoja. CD isiposhuka, hakuna SIGHUP. Sheli ya aliyekatika inabaki hai. Anayepiga baada yake anabonyeza Enter na kupokelewa na alama ya #, kwa sababu aliyekatika alikuwa root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, akifanya kazi kutoka nyumbani. Mpigaji huyo mpya hakuulizwa jina wala nywila. Mnaandika sera ya nywila ya kurasa nne, halafu mnaacha mlango wazi na funguo mezani!

Na kuhamisha getty kwenda tty1a, jina la herufi ndogo la poti hiyohiyo, ni uongo uleule katika kanzu nyingine: kifaa hicho hakijali CD kabisa. Vivyo hivyo kebo ambayo fundi kaunganisha pini 20 na pini 8 upande wa kompyuta. DTR (ishara ya kompyuta kwamba iko tayari) inageuka na kuwa CD, mfumo unajisalimia wenyewe.

Haya, nakubali kwa shingo upande: kuna sababu watu wanaikimbilia &C0. Ukijaribu kuzungumza na modemu kupitia tty1A wakati hakuna simu, programu ya cu inaganda, maana nayo inangoja CD. Mtu anaweka &C0, inafunguka, anashangilia. Na modemu nyingine za zamani, kama Hayes Smartmodem 2400, zilitoka kiwandani zikiwa &C0 na &D0 (yaani haziijali DTR). Lakini tty1a iliwekwa kwa shida hiyohiyo! Zima getty kwa "disable tty1A", hakikisha faili la /usr/lib/uucp/Devices lina mstari wa Direct wa tty1a, kisha "cu -l tty1a dir". Ikisema hakuna kifaa, tazama kama kuna faili la kufuli la LCK lililosahaulika kwenye /usr/spool/uucp. Andika AT, upate OK, halafu:

AT&F
AT&C1&D2S0=1
ATE0Q1&W

&F inarudisha mipangilio ya kiwandani, &C1 inaifanya CD iwe ya kweli, &D2 inaikata simu DTR ikishuka, S0=1 inapokea simu ikiita mara moja, E0 inazima mwangwi, Q1 inazima majibu, &W inahifadhi. Mstari wa mwisho uwe wa mwisho kweli. Baada ya Q1 modemu haitakujibu tena, na wengi hudhani imekufa wakairudisha mwanzo. Toka kwa ~. kisha "enable tty1A".

Sasa tazama taa za modemu. Taa ya TR (ya DTR) isipowaka, getty haingoji kwenye poti, na modemu ya &D2 haitapokea simu hata iite mpaka kesho. TR ikiwaka, simu ikapokelewa, taa ya CD ikawaka, lakini "login:" haitokei, kebo yako haina waya wa CD: pini 8 kwenye kiunganishi cha pini 25, pini 1 kwenye cha pini 9. Hapo &C0 haisaidii chochote, kwani waya wenyewe haupo. Kwenye modemu ya Sportster angalia pia vijiswichi vya nyuma, cha 1 cha DTR na cha 6 cha CD, maana hivyo vinaweza kuipinga amri uliyohifadhi.

Mengine kwa ufupi. Takataka badala ya "login:" ni kasi isiyolingana: mpigaji atume BREAK (ishara inayoiambia getty ijaribu kasi nyingine), na wewe ufunge kasi ya poti kwenye gettydefs, faili la kasi za getty. Maandishi yote yakitokea kwa herufi kubwa, ni kwa sababu mtu kaandika jina lake kwa herufi kubwa. Atoke, aingie upya. Na nywila yenye # au @ kwenye Unix za zamani haitapita, kwani moja inafuta herufi, nyingine inafuta mstari mzima.

Ah, na inittab, faili linaloorodhesha getty za kuanzishwa: kwenye SCO ukibadilisha /etc/inittab peke yake, siku utakapojenga kerneli upya kazi yako itafutwa. Badilisha na faili lililo ndani ya /etc/conf/init.d.

Halafu jaribu. Piga simu, ingia kama mtumiaji wa kawaida, chomoa waya wa simu ukutani bila kuaga. Subiri sekunde kumi, andika who (amri inayoorodhesha walioingia) kwenye konsoli. Jina lako likiwa bado lipo, usimpe mtu yeyote namba ya hiyo simu.