Petroli au dizeli: gari la kwanza la anayeanza kusafirisha magari kwa trela

Mwulize yeyote aliyezoea kuvuta trela ni gari gani la kuanzia biashara ya kusafirisha magari na matrela ya watu, naye atakujibu kabla hujamaliza swali: pikapu kubwa, dizeli, matairi pacha nyuma. Jibu hilo lina sababu zake. Injini ya dizeli yenye turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, hukupa mvuto mkubwa ikiwa bado inazunguka polepole. Haiishiwi pumzi nyanda za juu kama petroli isiyo na turbo, ambayo hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Na kwenye mteremko mrefu breki ya egzosi hulizuia gari na trela lake bila kuchemsha breki za magurudumu. Anayevuka milima kila siku akiwa na mzigo kamili hana haja ya kusoma zaidi: anunue dizeli.

Lakini ushauri huohuo hupewa mtu ambaye hana hata mteja mmoja wa kudumu, tena kwa kutazama namba moja tu, ile ya tani gari linazoweza kuvuta. Hapo ndipo ninapoona petroli inaonewa.

Namba ya kuvuta haidanganyi. Marekani kipimo chake ni J2807 cha jumuiya ya wahandisi ya SAE, na ni kipimo kikali: gari na trela hutakiwa kumudu mlima wa Davis Dam kule Arizona, zaidi ya kilomita 18 za kupanda, katika joto la nyuzi 38 na kuendelea. Ila ndani ya gari huhesabiwa watu wawili wa kilo 68 kila mmoja na vifaa vichache vya kuunganishia trela. Jeki, minyororo, winchi, tairi za akiba na tangi la ziada la mafuta havimo. Mfanyabiashara husafiri navyo vyote.

Namba ambayo hufika ukomo kwanza ni ya kubeba. Trela la kuunganishwa nyuma ya bampa hulikalia gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote. Lile ambalo shingo yake hupanda mpaka ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma, hulikalia kwa asilimia 15 hadi 25. Uzito huo ni mzigo wa gari, sawasawa na kama ungepakia magunia.

Tufanye hesabu. Chukua pikapu ambayo uzito wake wa juu unaoruhusiwa, gari na kila kilichomo, ni kilo 4,500. Ikiwa na injini ya petroli ina kilo 3,050 tupu, kwa hiyo inabakiwa na 1,450 za kubeba. Ileile ikiwa na dizeli huongezeka kama kilo 300, maana injini yenyewe ni nzito, na juu yake kuna turbo, rejeta kubwa na mitambo ya kusafisha moshi, zinabaki 1,150. Sasa unganisha trela la shingo lenye kilo 2,000, juu yake magari mawili ya kilo 1,800 kila moja. Jumla kilo 5,600, uzito ambao injini zote mbili huuvuta bila taabu. Asilimia 20 yake ni kilo 1,120 juu ya ekseli. Ongeza dereva wa kilo 90, zana na minyororo 150, kiunganishi 80, na unafika 1,440. Petroli imepona kwa kilo 10. Dizeli, gari ambalo kila mtu alisema ndilo la kazi, imezidisha mzigo kwa kilo 290, na dereva hatajua chochote, kwa sababu injini yake haitalalamika hata kidogo. Ataambiwa na mizani. Au ataambiwa na bima, baada ya ajali.

Kuna watakaosema: basi panda daraja, chukua gari lenye matairi pacha na uzito mkubwa zaidi unaoruhusiwa. Ni sawa, na kwa trela refu la shingo matairi manne nyuma hutuliza gari vizuri. Lakini kila daraja lina sheria zake. Marekani, gari na trela vikizidi pauni 26,000 kwa pamoja, yaani karibu tani 11.8, na trela peke yake likizidi pauni 10,000, dereva anahitaji leseni ya kibiashara. Ulaya leseni ya kawaida ya gari dogo huishia kwenye gari la tani 3.5. Mtu anaweza kununua gari ambalo bado haruhusiwi kulifanyia kazi.

Kuhusu mafuta, dizeli ina haki yake, na inategemea kilomita. Tuseme petroli inakula lita 29 kwa kilomita 100 ikiwa na mzigo na 17 ikiwa tupu, na dizeli 21 na 14. Kwa kilomita 40,000 kwa mwaka, nusu ukiwa umepakia na nusu ukirudi mtupu, dizeli inakuokolea lita 2,200. Kwa kilomita 100,000 ni lita 5,500. Sasa chukua tofauti ya bei ya kununua magari hayo mawili, igeuze kuwa lita za mafuta, uone ni miaka mingapi. Anayeanza huwa hajui atapata kilomita ngapi, lakini rejesho la mkopo analijua hadi senti ya mwisho.

Halafu kuna siku za gereji, na kwangu hili ni zito kuliko mafuta. Mwenye magari matano, moja likilala, manne yanalipa. Mwenye moja halipwi na yeyote, huku mkopo na bima vinaendelea. Dizeli ya kisasa husukuma mafuta kwa shinikizo linalofika bar 2,000 na zaidi. Maji kidogo kwenye tangi yanaweza kuua pampu na nozeli zote kwa pamoja. Kichujio cha moshi huziba kwa safari fupi fupi, na urea, ile dawa ya kusafishia moshi, ikiisha gari hujipunguzia nguvu au hukataa kuwaka. Dizeli kuukuu ya bei nafuu, ambayo ndiyo anayeanza huishia kuinunua, mara nyingi inauzwa wakati vitu hivyo vinakaribia kudai fedha. Petroli nayo huharibika, lakini mafundi wanaoiweza ni wengi, na spea zake hazikaribii bei ya pampu ya dizeli.

Kwa hiyo ningeanza na petroli, na ningehamia dizeli siku ambayo mikataba imejaza wiki nzima kwa safari ndefu. Gari lolote utakalochagua, fungua mlango wa dereva usome kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango. Namba ya kubeba, ikiwa imeandikwa pale kama ilivyo kwa pikapu nyingi za Marekani, ni ya gari hilohilo, pamoja na kila kilichofungwa kiwandani. Ile ya kwenye kijitabu cha matangazo mara nyingi ni ya gari jepesi kuliko yote ya aina hiyo. Kisha, kabla ya kulipa, omba kulipitisha kwenye mizani likiwa na tangi lililojaa na wewe ndani.