Kabla ya kufuta pointi za kurejesha, uliza nani kaziweka

Nina tabia moja ya uzee wa kompyuta: kila ninapotaka kubadilisha draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa, kwanza naweka pointi ya kurejesha kwa mkono wangu, yaani hali ya mfumo ninayoweza kuirudia mambo yakiharibika, na kuipa jina ninalolielewa. Nilifanya hivyo nilipobadilisha draiva ya kadi ya michoro. Wiki mbili baadaye skrini ikaanza kuzimika na kuwaka yenyewe. Sikubabaika, kwa sababu akiba nilikuwa nayo. Nikafungua orodha ya System Restore, kifaa cha Windows cha kurudisha mfumo nyuma, na pointi yangu haikuwemo. Mahali pake palikuwa na pointi tisa zilizofuatana, moja kila siku, zote zina jina lilelile lisilosema kitu, na hata moja sikuiweka mimi.

Mtu akikuta hali hiyo, kinachomjia kwanza ni kufuta. Ushauri utakaopewa na wengi nao ni huohuo: zima ulinzi wa mfumo (System Protection), washa tena, orodha itakuwa nyeupe. Kweli itakuwa nyeupe, maana ukizima ulinzi wa diski, pointi zote za diski hiyo hufutwa papo hapo. Ila utakuwa umefuta na nyayo za aliyeingia. Mimi naziona pointi zisizotarajiwa kama nyayo mlangoni, na kabla ya kupiga deki naona ni busara kutazama zinaelekea wapi.

Niseme kwanza kwa nini pointi tisa za mtu mwingine ziliifukuza moja yangu, maana hapa ndipo wengi wanapotupa lawama pasipo. Tangu Windows Vista, pointi ya kurejesha hutegemea huduma ya nakala kivuli. Kompyuta hainakili diski nzima. Inaweka alama ya wakati, kisha kila kipande cha diski kinapokaribia kuandikwa upya, kile cha zamani huhamishiwa kwanza kwenye stoo iliyotengwa. Kwa hiyo pointi huzaliwa nyembamba na hunenepa kadiri diski inavyobadilika. Stoo ikifika kikomo chake, pointi ya zamani kuliko zote ndiyo inayotolewa, bila kuuliza ilikuwa ya nani wala ilikuwa na thamani gani.

Sasa fikiria programu ya ulinzi, yaani antivairasi, ambayo nayo huweza kuweka pointi kama hizi. Inapakua taarifa mpya za virusi mara kadhaa kwa siku, inaandika na kufuta mafaili yake usiku kucha. Yaani ndiyo inayoweka pointi, na ndiyo hiyohiyo inayozinenepesha. Stoo ndogo haiwezi kuhimili mpangaji wa namna hiyo.

Kuna na jambo la pili, ambalo kwangu ni kero kubwa zaidi. Kuanzia Windows 8, programu ikiomba pointi mpya na tayari kuna nyingine iliyowekwa ndani ya saa 24, Windows huliruka ombi hilo. Kipimo chenyewe kimeandikwa kwa dakika, 1440, na mwenye kujua anaweza kukibadilisha kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, kwa thamani iitwayo SystemRestorePointCreationFrequency. Maana yake ni kwamba antivairasi ikiwahi alfajiri, imeshakalia kiti cha siku nzima. Mchana wewe ukitumia amri ya Checkpoint-Computer ya PowerShell ili uweke ya kwako kabla ya kazi ya hatari, unaletewa onyo kwamba ipo nyingine ndani ya dakika 1440 zilizopita. Mwenye nyumba anaambiwa nafasi imejaa.

Hata hivyo sitaki kuzionea programu hizi. Zina sababu ya kuweka akiba. Tarehe 21 Aprili 2010 sasisho namba 5958 la McAfee liliiona svchost.exe ya Windows XP, faili ambalo mfumo hauwezi kuishi bila hilo, kuwa ni virusi, na kompyuta nyingi sana zikabaki zinajizima na kuwaka bila kufika popote. Anayekumbuka siku ile hawezi kumcheka mtunzi wa programu anayetaka kuacha njia ya kurudi kabla ya kuweka kitu karantini. Cha kuchekesha ni kwamba enzi za Windows Me na XP ushauri ulikuwa kinyume kabisa: ukitaka kusafisha virusi, zima System Restore kwanza, kwa kuwa mafaili yaliyojificha ndani ya folda ya pointi za kurejesha hayakufikiwa na msafishaji, na siku ukirejesha mfumo unajirejeshea na ugonjwa. Fani hii hii imezunguka nusu duara, ikawa yenyewe ndiyo inayojaza ghala.

Basi, nani kaziweka? Jibu lipo, na ajabu ni kwamba wachache hulitafuta mahali pake. Orodha yenyewe ya System Restore haitoshi, inaonyesha tarehe, maelezo na aina basi. Fungua Event Viewer, kitazamaji cha matukio cha Windows, nenda kwenye kumbukumbu za Application, chuja zile ambazo chanzo chake ni System Restore na namba ya tukio ni 8194. Ndani ya kila tukio kuna mstari unaotaja mchakato ulioomba pointi, na njia kamili ya faili lake. Angalia chanzo vizuri, kwa sababu namba hiyohiyo 8194 hutumiwa na VSS, ile huduma ya nakala kivuli, kwa kosa lisilohusiana kabisa na swali letu. Nimewahi kupoteza jioni nzima nikikimbizana na 8194 isiyo yangu.

Kusoma mstari huo si kazi. Ukiona srtasks.exe, ni ratiba ya Windows yenyewe, tulia. Ukiona msiexec.exe, kuna kitu kilisakinishwa au kuondolewa kwa njia ya kisakinishi cha Windows, na maelezo ya pointi kwa kawaida yatakutajia jina lake. Ukiona njia inayoelekea kwenye folda ya programu ya ulinzi, umeshika mkono ukiwa ndani ya chungu. Bado lakini hujajua ulikuwa unatafuta nini.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema "ni antivairasi tu, achana nayo". Programu ya ulinzi haina sababu ya kawaida ya kuweka pointi kila siku. Huweka pale inapotaka kubadilisha mfumo: kujisasisha toleo zima, kusakinisha draiva, au kuondoa kitu ilichokikamata. Zipo zenye mpangilio wa kuweka moja kwa siku kabla ya kusafisha. Windows Defender ina sera ya namna hiyo, nayo haifanyi kazi mpaka mtu aiwashe, jambo ninaloliunga mkono. Nje ya mpangilio kama huo, pointi ya kila siku inasema kitu kimoja: kuna kazi inayoanzwa kila siku na haimaliziki.

Kwangu ilikuwa hivyo hasa. Mchakato uliotajwa ulikuwa kisasishi cha programu ya ulinzi niliyokuwa nayo, ambayo sitaitaja jina. Nikafungua kumbukumbu zake yenyewe, nikasoma kisa kilekile mara tisa: toleo jipya limepakuliwa, pointi ya kurejesha imewekwa, usakinishaji umeanza, draiva imegoma kuwekwa, yote yamerudishwa nyuma, jaribu tena kesho. Siku tisa programu iliyopaswa kunilinda ilikuwa kwenye toleo la zamani, huku kwenye dirisha lake imeweka tiki ya kijani. Kama ningefuta zile pointi na kupanua stoo kama nilivyoshauriwa, ningekaa na tiki ile ya uongo hadi leo.

Kilichoizuia ni masalia. Mwaka uliotangulia niliondoa antivairasi nyingine, na uondoaji haukukamilika. Amri ya fltmc, ukiiendesha kwa haki za msimamizi, huorodhesha draiva zinazochungulia kila faili linalofunguliwa, na pale palikuwa na jina la yule wa zamani, bado yuko zamu. Watengenezaji wengi wana kifaa maalumu cha kuondoa mabaki ya programu yao. Nilikitumia, nikawasha kompyuta upya, usakinishaji ukapita mara moja. Siku ya pili hakukuwa na pointi mpya.

Sura nyingine ya tatizo hili hukutwa kwa wale wanaotumia visafishaji vya programu za matangazo. Baadhi yake huweka pointi kabla ya kila usafishaji. Zikiwa za kila siku, maana yake kila siku kinakamatwa kitu, na karibu kila mara ni kitu kilekile, kinachorudishwa na jukumu lililojificha kwenye Task Scheduler, kipanga ratiba cha Windows, au na kiendelezi cha kivinjari. Soma historia ya karantini kando ya tarehe za pointi. Zikilingana, anayehitaji kutafutwa ni anayekirudisha. Aliyekikamata anafanya kazi yake.

Juu ya suluhisho za haraka nina maneno machache. Usikimbilie kufuta nakala kivuli kwa amri ya vssadmin. Hiyo ndiyo amri inayopendwa na virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia, kwa hiyo usishangae programu yako ya ulinzi ikikushukia wewe mwenyewe. Ukitaka kupunguza, kifaa cha Windows cha kusafisha diski (Disk Cleanup) kina chaguo la kuondoa pointi zote isipokuwa ya mwisho. Lakini ya mwisho pengine ndiyo ile usiyoitaka, fikiri kwanza. Amri ya vssadmin list shadowstorage haina madhara, nayo itakuonyesha stoo ina ukubwa gani na imejaa kiasi gani. Wala usijaribu kuiondoa antivairasi kwa kurejesha mfumo nyuma. Unaweza kubaki na nusu yake: mafaili yamerudi ya zamani, huduma ni za leo, na hakuna upande unaomwelewa mwenzake. Iondoe kwa kiondoaji chake.

Lawama yangu kubwa iko kwa watunzi. Windows imewapa njia ya kueleza wanachofanya: sehemu ya maelezo ya pointi ina nafasi ya herufi 256. Katika nafasi hiyo mtu angeweza kuandika jina la programu, toleo inalotoka na toleo inalokwenda. Wangu waliandika neno moja la jumla, kama mtu aliyeacha mzigo sebuleni kwako na kuandika juu yake "mzigo". Na si hilo tu. Mfumo una namna rasmi ya programu kufuta pointi iliyoweka yenyewe endapo kazi imesitishwa, msimbo wake ni 13. Usakinishaji ukigoma na kila kitu kikarudishwa kilipokuwa, pointi ile haina tena kazi, inachukua tu nafasi ya nyingine. Kuitoa ni mwito mmoja kwenye msimbo. Anayeomba haki za juu kabisa kwenye kompyuta yangu, aingie hadi kwenye kiini cha mfumo, sioni kwa nini ashindwe kuokota taka zake akitoka.

Wapo watakaonijibu kwamba System Restore imepitwa na wakati, tuwe na nakala kamili za diski na tuache kulialia. Nakala kamili ninazo. Nyaraka zangu sijawahi kuzikabidhi kwa System Restore, wala yenyewe haidai kuzilinda. Lakini kwa draiva iliyoharibika hakuna kitu chepesi kuliko pointi nzuri ya jana, na kurudisha diski nzima kwa ajili ya draiva moja ni kubomoa ukuta ili kubadilisha balbu. Windows 11 toleo la 24H2 sasa huhifadhi pointi hadi siku 60, ikiwa stoo inaruhusu. Hilo la stoo ndilo lililonitoa mimi nje.

Ile skrini yangu, kwa wanaotaka kujua, niliitibu kwa njia nyingine: Device Manager, nikairudisha draiva ya kabla. Halafu nikaongeza nafasi ya stoo, nikaweka pointi na kuiandika jina kamili na sababu. Nimeichungulia tena asubuhi hii. Bado ipo, na jirani yake ni mmoja tu, wa sasisho la Windows, ambaye naye amejitambulisha.