Nimeizima, Haizimiki

Jamani, mtu akizima kitu, kitu kizimike. Ndiyo makubaliano yetu na umeme. Sasa hii mashine ya kuoshea vyombo nimeizima jana saa nne usiku, na mpaka asubuhi inanguruma chini kwa chini kama jirani mwenye kinyongo. Kuosha, haitaki. Inapepesa taa mbili, nami napepesa macho, tunatazamana.

Mama watoto akasema niite fundi. Mimi? Mwenye testa yangu mwenyewe?

Nikachomoa plagi, nikavaa miwani, nikaufungua mlango skrubu kwa skrubu. Swichi ya kitasa: testa ikalia piii, yaani nzima. Fyuzi ya joto kwenye bodi, ule ubongo wa mashine: piii. Kipasha maji kikasoma omu 20 na ushee, kizima kuliko mimi. Bodi nikainusa, maana iliyoungua haijifichi. Haikunuka. Nikarudishia, nikachomeka. Ngurumo. Mtoto akauliza kama imepona, nikamwambia aende akasome.

Ndipo akaja fundi. Kijana mdogo, bisibisi moja na tochi ya simu, basi. Nikasimama kama daktari bingwa anayekabidhi mgonjwa. "Kijana, nimeshapima. Fyuzi nzima, swichi nzima. Hapa tunazungumzia bodi."

"Sawa, mzee. Mliweka sabuni gani?"

Nikamweleza kwa upole kwamba tatizo ni la umeme.

"Nimekusikia, mzee. Sabuni gani?"

Nikaanza upya, tangu kwenye omu. Mwenzangu kashalala kifudifudi, kang'oa kibao cha chini, anamulika. "Njoo uone."

Kwa umri wangu, kufika sakafuni ni safari. Goti la kwanza likashuka, la pili likaomba muda. Nilipofika, naona trei imejaa maji na povu, na juu yake boya jeupe limetulia kama bata. Kumbe boya likiinuka linabonyeza swichi, na bodi ikipata habari hizo inaamini nyumba inazama: inafunga maji yanayoingia, inawasha pampu ya kutoa, na haimsikilizi tena mtu yeyote. Pampu yenyewe hainyonyi maji ya trei, inanyonya ya ndani kwenye vyombo. Ingenguruma mpaka kiama!

Swichi hiyo sikuipima. Ningeijuaje, imejificha chini ya tumbo?

Akakausha trei kwa tambara, boya likashuka, kimya. Kimya kile kiliniuma kuliko ngurumo.

"Ni povu limefurika likavuja, mzee. Nani aliweka sabuni ya kuoshea kwa mkono?"

Nyumba nzima ikageuka kunitazama. Vidonge vya sabuni ya mashine vilikuwa vimeisha! Chupa ina picha ya sahani inayong'aa, nifikirie nini? Halafu hizo taa mbili. Badala ya kupepesa kama mtu aliyeingiwa na mchanga, si iandike tu "mzee, povu"? Maelezo yako kwenye kitabu, kitabu chenyewe kwa herufi za sisimizi. Vifaa vingine navyo vina midomo mpaka kero. Friji mlango ukibaki wazi kidogo, inalia. Mikrowevu ikimaliza inalia, usipoifungua inalia tena, kama vile mimi ndiye niliyeajiriwa. Hiyo hapo, imeanza.

Nimekusikia! Nakuja!