Saa ya Catania: kosa la miaka 99, au la dakika tano?

Mwaka 263 K.K., Roma ikiwa vitani Sicilia, Valerius Messalla, konsuli (mtawala mkuu wa mwaka mmoja), aliuteka mji wa Catania na kurudi na nyara ya ajabu kidogo: saa ya jua. Ikapandishwa juu ya nguzo karibu na jukwaa la wahutubu, katikati ya mji. Pliny Mzee, mwandishi wa Kiroma anayesimulia habari hii akimtegemea mwanazuoni Varro, anaongeza neno la kuwaumbua wazee wake mwenyewe. Mistari ya saa ile haikulingana na saa za Roma, na bado watu waliifuata kwa miaka 99, mpaka Marcius Philippus, aliyekuwa censor (ofisa mkuu wa sensa na maadili), alipoweka pembeni yake nyingine iliyopimwa vizuri zaidi.

Hadithi hii hupendwa sana na wanaotaka kuwaonyesha Waroma kuwa hodari wa upanga na wazito wa hesabu. Na Pliny ana hoja. Saa ya jua haihamishwi kama jiko la mkaa. Vitruvius, msanifu majengo wa Kiroma, anaeleza kwamba siku mchana na usiku vinapolingana, kijiti chenye urefu wa sehemu tisa hutoa kivuli cha sehemu nane adhuhuri pale Roma. Athens, kijiti cha sehemu nne hutoa kivuli cha sehemu tatu. Kila mji una kivuli chake, na Catania iko zaidi ya digrii nne kusini mwa Roma. Tuseme saa ya Messalla ilikuwa bakuli la jiwe lenye mistari ya saa ndani yake, aina iliyoenea sana zama hizo. Adhuhuri ya Desemba kivuli kingevuka mstari wa mwisho uliochongwa wa majira ya baridi, kana kwamba jua limekwenda mahali lisikofika kamwe. Mwenye macho angeliona hilo.

Lakini kuona kwamba mistari haikai sawa ni jambo moja, na kukosea saa ni jingine. Katika bakuli kama hilo adhuhuri inabaki adhuhuri hata ukilihamisha, mradi limeelekezwa vizuri. Macheo na machweo nayo yanabaki pale pale. Kosa linajificha katikati, na ukipiga hesabu ya pembe za jua kwa saa tatu asubuhi unapata tofauti ya dakika tano au sita hivi. Basi! Hiyo ndiyo aibu ya karne nzima.

Tena saa yenyewe, kama kipimo cha muda, ilikuwa ya kuvutika. Waroma waliugawa mchana sehemu 12 kuanzia macheo, kwa hiyo adhuhuri yao ilikuwa saa sita, kama yetu. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hahitaji maelezo anapokutana na vibarua wa shamba la mizabibu walioajiriwa saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Tofauti ni kwamba sisi tuko jirani na ikweta. Dar es Salaam, mchana mrefu kuliko yote haumzidi ulio mfupi kwa saa nzima. Roma, saa moja ya mchana ilikuwa na dakika kama 45 Desemba na 75 hivi Juni. Mtu aliyezoea saa inayorefuka na kusinyaa kwa nusu saa nzima, dakika tano angezilalamikia kwa nani?

Mimi naona lawama, kama ipo, iende kwenye saa hiyo ya kuvutika, maana iligusa watu. Katika machimbo ya Vipasca, Ureno ya leo, kanuni za zama za kaizari Hadrian zilitenga muda wa bafu la umma: wanawake tangu alfajiri hadi saa saba, wanaume kuanzia saa nane hadi saa mbili usiku. Wanawake walilipa as moja, sarafu ndogo ya Kiroma, wanaume nusu yake. Zile saa saba za wanawake, zikihesabiwa tangu macheo, Juni zilikuwa na urefu wa saa nane na nusu hivi za ukutani kwetu. Desemba hazikufika sita. Ada haikubadilika.

Pale walipotaka usawa wa kweli, watu wa kale walijua pa kukimbilia. Mahakama za Athens zilipima hotuba kwa maji. Chungu kimoja kilichofukuliwa katika Agora, uwanja wa soko wa Athens, kinachukua lita 6.4 na humwagika kwa dakika kama sita, iwe kiangazi au baridi. Wataalamu wa nyota nao, Ptolemy wa Alexandria akiwa mmoja wao, walifanya hesabu zao kwa saa zenye urefu mmoja. Kwa hiyo elimu ilikuwepo, sokoni haikuhitajika.

Hata hivyo nisimpuuze Philippus. Pliny anasema zawadi yake ilipokelewa kwa furaha kuliko kazi nyingine zote za cheo chake, na watu hawafurahii hivyo kitu kisicho na maana kwao. Pengine fahari ya kuwa na saa ya Roma, si ya mateka, ilitosha. Maana hata hiyo mpya, mara wingu likitanda, haikumwambia mtu chochote. Mpaka mwaka 159 K.K., Scipio Nasica alipoweka saa ya maji chini ya paa, siku za mawingu Waroma walikisia tu.